Matairi ya Upande wa Jua

Siku tano za wiki mwanamke huyu huendesha basi la shule kwa mwendo wa kinyonga. Watoto wa darasa la kwanza, ambao hawana haya hata kidogo wakishashiba, walimpa jina la Polepole, na jina likamganda. Wazazi wakalidaka, walimu wakalidaka, hadi siku moja mwalimu mkuu akajisahau akamwita hivyo kwenye kikao, mbele za watu. Hakununa. Anajua amebeba nini nyuma ya kiti chake: watoto wa watu, wenye meno yanayong'oka na chupa za maji zinazovuja. Kila tuta analipanda kama anayepita mlangoni kwa mgonjwa aliyelala.

Lakini Jumamosi moja kila mwezi, Polepole huyohuyo huvaa kofia ngumu nyekundu, hujifunga mkanda, na kuliachia gari lake dogo la bluu kwenye uwanja wa mbio mpaka lami ilie.

Uwanja wenyewe usikutishe. Zamani zilikuwa zikitua ndege ndogo pale. Ndege zikahama, lami ikabaki, watu wenye akili wakachora kona. Mtu yeyote mwenye breki nzima huingia akazunguka na wenzake. Hakuna kombe, hakuna mshindi, ingawa kila mmoja anajua vizuri sana nani kampita nani. Yupo daktari wa meno, yupo muuza vigae, wapo vijana wenye magari yanayopiga kelele kuliko yanavyokimbia. Na yupo Polepole, mama wa watu wazima wawili, mwenye miwani ya kusomea shingoni. Hao vijana anawapita mmoja mmoja, kisha anawapungia mkono. Ukimuuliza kwa nini anafanya haya, atakwambia kwamba wiki nzima mguu wake wa kulia ni wa shule, na Jumamosi hiyo moja ni wa kwake. Basi. Hana maelezo zaidi, na mimi simdai.

Mumewe ni dobi. Ana duka la kufulia kwenye kona ya mtaa wao, lenye kaunta ya mbao, mashine mbili zinazotetemeka kama zina homa, na kamba ndefu uani. Mtaa mzima unamwita Dobi. Mtu huyu anaamini mambo mawili: uchafu ni aibu, na kitu kilichofuliwa bila kuona jua bado hakijafuliwa. Ukivaa shati lililokaukia chumbani, atalijua kwa pua, na usidhani atanyamaza.

Mbio hakuzipenda hata siku moja. Alikwenda uwanjani kwa sababu mkewe yuko huko. Alikaa kwenye beseni alilolifudikiza karibu na ukuta, taulo begani, na kila mara gari la bluu lilipokaribia kona alitazama viatu vyake mpaka lipite. Ila gari lenyewe alilitunza kama shela ya bibi harusi. Kila asubuhi ya uwanja, kabla mkewe hajamaliza chai, alikuwa ameshaliosha na kulianika uani. Kulianika, ndiyo. Hilo ndilo neno lake, na mkewe alimcheka nalo miaka yote.

Sasa mwezi mmoja likatokea la kutokea. Kuna kona kali ya kulia, watu wanaiita Kona ya Majuto, na Polepole aliiingia kama anavyoiingia siku zote. Gari likaegemea ubavu wa kushoto, kama gari lolote kwenye kona ya kulia, likamponyoka, likazunguka kama pia, na kumwacha katikati ya majani akitazama alikotoka. Hakuumia hata ukucha. Lakini Dobi alikuja mbio majanini, taulo mkononi, uso umempauka. Jioni yake hata glasi ya maji ilimshinda kushika.

"Mama watoto," alimwambia, "mimi sikukatazi. Sijawahi kukukataza kitu. Lakini gari likitoka tena nje ya lami, hata gurudumu moja, kofia ile tuitundike. Nakuomba."

Angefoka, Polepole angejua la kumjibu. Mume aliyeomba, na glasi imemshinda, unamjibu nini? Aliitikia, tena akampa mkono. Usiku ule alijuta, kwa sababu moyoni alikuwa na siri inayomtafuna: hakujua kwa nini gari lilimponyoka. Na usichokijua kitakurudia tu.

Watu wanaodhani kukimbiza gari ni kukanyaga mafuta, hao tuwaache na ujinga wao. Kukimbiza gari ni matairi, na matairi ni upepo. Upepo ukizidi, tairi linavimba, linagusa lami kwa katikati tu, unateleza kama umekanyaga sabuni. Ukipungua, tairi linalala ubavu kwenye kona na kukutupa. Na upepo wenyewe hautulii. Tairi likipata moto, upepo unapanda. Kwa hiyo unajaza asubuhi, gari likiwa halijatembea, tena unajaza pungufu, ukijua joto la uwanjani litamalizia lenyewe. Polepole alianzia ishirini na nane kwenye geji, kile kipimo cha upepo, kote kote. Alifika hapo kwa kujaribu mwezi baada ya mwezi, na gari lilimtii. Halafu msimu wa jua kali ukaingia, na tangu hapo kila kona ya kulia ikawa na kisirani.

Jambo jingine lilimkera. Kila asubuhi ya uwanja, akipima, matairi ya kulia yalikuwa pungufu kuliko ya kushoto. Mara mbili, mara tatu. Alipunguza ya kushoto, akaongeza ya kulia, yakawa sawa. Katikati ya mwezi kijana wa kituo cha mafuta aliyajaza yote sawa, na mwezi ukifuata, yaleyale. Akalipeleka gari kwa fundi wa matairi, mtu mnene mwenye vicheko, anayeitwa Kiraka. Kiraka akayazamisha majini matairi yote ya kulia na kuyakodolea macho.

"Dada Polepole, hata povu moja hakuna. Matairi haya mazima kuliko mimi."

"Mbona yanapungua?"

"Hayapungui."

"Geji yangu inasema yanapungua."

"Basi geji yako ina majungu," alisema Kiraka. Lakini walipoilinganisha na ya kwake, zikasema kitu kimoja. Alibadilisha valvu za kulia hata hivyo na kuyajaza yote manne sawa, ili dada yake alale usingizi.

Jumamosi yenyewe ikafika. Polepole alitoka uani na geji mkononi, roho juu. Gari liling'aa mpaka kuumiza macho. Alichuchumaa, akapima. Kushoto thelathini na moja, mbele na nyuma. Kulia ishirini na nane kamili.

"Jamani!" alisema peke yake. Na valvu ni mpya!

Akapunguza ya kushoto mpaka ishirini na nane. Kisha akachukua chaki, zile za darasani anazopewa na walimu, akachora mstari mweupe kwenye bega la kila tairi, kutoka kwenye meno mpaka ubavuni. Chaki haina uongo. Ukirudi kutoka uwanjani unaona tairi limelala mpaka wapi, kwa sababu palipogusa lami chaki imefutika.

Dobi alitoka na beseni lake na taulo. Alifunga mlango, akaujaribu mara mbili kama ulikuwa umefungwa kweli, akapanda. Njia nzima walizungumzia bei ya sabuni.

Mzunguko wa kwanza aliuendesha kwa adabu, kupasha moto. Wa pili akafungua kidogo. Wa tatu akaiingia Kona ya Majuto kwa mwendo anaoujua, na palepale akalisikia kwenye makalio, maana gari likianza kukusaliti unalisikia huko kabla ya mikononi. Upande wa kushoto ulilegea. Mkia ukaanza kutoka. Ukingo wa lami ulimjia, nyuma yake majani, na nyuma ya majani mtu amekaa juu ya beseni. Polepole hakugusa breki. Alilegeza mafuta, akarudisha usukani kidogo tu, akajikaza kisabuni. Gurudumu la nyuma likapita juu ya mstari mweupe wa ukingoni, likakaa hapo, likarudi.

Lami. Bado lami. Alishusha pumzi na akatoka njiani mapema, akaingia kwenye uzio wa kupumzishia magari, wakati wenzake wanaendelea.

Kiraka, ambaye huja uwanjani kila mwezi na jeki yake, alikuwa ameshachuchumaa kwa geji. Matairi yakipimwa yangali moto ndipo yanaposema kweli.

"Kulia thelathini na tano," alisoma. "Kushoto... hebu ngoja. Thelathini na tatu."

"Rudia."

"Thelathini na tatu, dada. Na tazama chaki yako."

Polepole alitazama. Upande wa kulia chaki ilifutika mpaka ukingo wa meno, vizuri kabisa. Upande wa kushoto ilikuwa imefutika yote, mpaka kwenye maandishi ya ubavuni. Matairi yale yalikuwa yamelala kama walevi.

"Nyumbani ya kulia ndiyo pungufu," alisema. "Hapa ya kushoto. Kiraka, matairi yangu yana mashetani?"

Kiraka alikuna kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na utani.

Dobi alikuja na chupa ya maji. Alikuwa ameona mkia wa gari ukitoka. Safari hii viatu havikumwokoa. Alimpa mkewe maji, akavua taulo lililolowa jasho begani, akalitandaza juu ya paa la gari. Nusu ya paa ilikuwa juani, nusu kwenye kivuli cha banda la msimamizi. Aliligusa taulo, akalivuta lote upande wa jua.

"Huku ndiko litakakokauka," alisema. "Kule ni kivuli tupu. Ni kama pale kwetu uani, ukuta unaziba upande mzima. Ndiyo maana nalisogeza gari kila siku ya uwanja."

Polepole alishusha chupa.

"Unalisogeza vipi?"

"Nikishaliosha nalisukuma mbele mpaka ubavu wa kushoto upate jua. Ubavu huo ndio tunaouona sisi tuliokaa ukutani. Siwezi kukuacha upite mbele za watu na madoa ya maji, mke wa dobi."

"Tangu lini?"

"Tangu jua lianze kuingia vizuri pale getini. Msimu huu. Kwani vipi?"

Msimu huu! Polepole alihisi damu ikimpanda kichwani. Matairi meusi, jua la asubuhi limeyachoma ubavu mmoja saa nzima, upepo umepanda ndani yake, na yeye anakuja na geji yake, mjuaji, anayaona yamezidi, anayapunguza. Tairi la juani halikuwa na upepo mwingi, lilikuwa na joto. Kila mwezi alikuwa akiyatoa pumzi matairi yaleyale yanayombeba kwenye kona ya kulia. Na aliyeyaanika juani ni mtu anayetazama viatu kwa woga.

Kiraka naye alikuwa ameshaelewa. Macho yalimtoka, akafungua kinywa. "Ala! Shemeji, kumbe ni wewe ndiye uliye..."

Polepole akamkanyaga mguu, kwa nguvu, kwa kiatu cha kuendeshea.

"...ndiye uliye na taulo safi," alimalizia Kiraka, machozi yakimlenga.

Sasa wewe jiweke hapo. Neno moja tu lingemwondolea ahadi yote. "Ni wewe uliyenitupa majanini," basi, kofia haitundikwi tena. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alimtazama mumewe, vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji, akilinyoosha taulo lile kwenye pembe kama kwamba dunia ingenyooka nalo. Mtu huyu akiambiwa, atalibeba mpaka kaburini. Na gari hatalishika tena. Akakasirika, akamhurumia, akataka kucheka, vyote kwa mpigo. Alimeza neno lake na maji.

"Ni valvu," alisema. "Kiraka ataona. Baba watoto, nisaidie tulisukume gari lote kivulini. Lipoe."

"Lote?"

"Lote. Mbele na nyuma."

Walilisukuma. Walikula walivyokuja navyo, wameegemea ukuta wa banda, na Polepole hakuligusa gari mpaka viganja vyake vilipomwambia kwamba matairi yote manne yana ubaridi mmoja. Hapo ndipo alipopima. Ya kushoto yalikuwa pungufu kwa tatu, hayakuwa na pa kujificha. Kiraka akajaza, akichechemea kwa makusudi ili aonekane. Ishirini na nane kote kote. Chaki mpya.

Mchana huo gari lilirudi kuwa lake. Aliiingia Kona ya Majuto mara ya kwanza kwa kujihami, mara ya pili kwa heshima, na mara ya tatu kwa mwendo ule anaoujua. Gari likalala ubavu wa kushoto na ubavu wa kushoto ukambeba. Hakuna kulegea, hakuna mkia. Alipiga kelele ndani ya kofia kama mtoto aliyebebwa mabegani. Muuza vigae alimwona kwenye kioo chake, kisha akamwona mbele yake, na wala hakuelewa kilichopita katikati.

Alipotoka, chaki ya pande zote ilikuwa imeishia mahali pamoja. Dobi alimsaidia kuvua kofia.

"Leo sikutazama viatu," alisema.

"Kona zote?"

"Ile moja tu nilifumba macho. Lakini nilifungua mapema."

Njiani kurudi nyumbani ni Dobi aliyeimba, na Dobi si mtu wa kuimba. Polepole aliendesha kwa mwendo wa basi la shule, ameridhika hadi kwenye nyayo, na akaamua kwamba mwezi ujao ataamka mapema kuliko mumewe, alisogeze gari kivulini kabla ya kupima, na maneno yaishie hapo. Kudanganya kidogo, kwa roho safi.

Mwezi ukaja. Aliamka mapema kweli, lakini upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Alichukua geji akatoka uani hata kandambili hajavaa.

Gari lilikuwa nyuma kabisa, limebanwa ukutani, kila inchi yake kivulini, bado linachuruzika maji. Na kila gurudumu limevikwa foronya. Foronya nyeupe, za dukani kwake, zilizopigwa pasi, zimefungwa kwa pini za kuanikia nguo. Dobi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama anayesubiri mteja mgumu.

"Pima sasa," alisema.

Alifungua pini moja moja. Ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane. Akabaki amechuchumaa kwenye gurudumu la mwisho, foronya mkononi.

"Kiraka," alisema. "Mdomo wake huyo!"

"Usimlaumu, nilimbana. Ningemkosa yeye ningejua tu. Nimeshika pasi tangu ujana, nitakosa kujua joto linafanya nini?" Akaokota pini iliyoanguka. "Ni mimi niliyekuzungusha siku ile. Kisha nikaja na masharti juu. Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuliosha."

"Na ningeacha, ingekuwaje?"

"Ningekuwa nakwenda kule peke yangu," alisema Polepole, "hata kama umekaa palepale kwenye beseni."

Dobi aliokota foronya moja, akaikunja mara nne, ukingo juu ya ukingo, kazi isiyo na haraka yoyote. "Ile ahadi tuifute," alisema.

"Usiifute. Iache palepale. Sasa nikitoka nje ya lami nitakuwa nimetoka mimi."

Dobi akacheka, na mkewe akacheka, wakaenda kunywa chai ambayo kwa mara ya kwanza siku kama hiyo waliinywa pamoja.

Gari halikuona jua mpaka lilipotoka getini. Maji yalikaukia juu yake njiani, yakaacha madoa ya mviringo kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma, ubavu wote wa kushoto, ule unaoonekana ukutani. Dobi aliyaona. Hakuna dobi duniani ambaye asingeyaona. Aliketi kwenye beseni lake, taulo kavu begani, na taulo likabaki begani.

"Dobi!" daktari wa meno alimtania kutoka mwisho wa ukuta, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Leo gari la mama lina madoa! Sabuni imekwisha dukani?"

"Niache na madoa yangu," alisema Dobi, wala hakugeuza kichwa, kwa sababu gari la bluu lilikuwa linaingia kwenye kona.